Papa, anza na kalenda kabla ya bango

Mkulima wa upande wa Kipushi, mwenye hekta 6 za mahindi, ametuandikia. Anataka kugombea Bunge la Taifa la Kongo (DRC), na anaogopa shamba litamfia. Anaogopa kwa haki.

Bunge linakaa mara mbili kwa mwaka: 15 Machi hadi 15 Juni, na 15 Septemba hadi 15 Desemba. Huku kwetu Katanga mahindi hupandwa mvua ikishakaa, kuanzia katikati ya Novemba, na huvunwa Aprili na Mei. Siku za jembe uko Kinshasa, siku za mavuno uko Kinshasa, na hakuna barabara ya kukurudisha Jumamosi ukapalilie.

Tafuta basi mtu wa kulishika shamba misimu miwili kabla ya uchaguzi, ukosee naye ungali nyumbani. Ajue sentimita 75 kati ya mistari, 25 kati ya mashimo, mbegu moja moja. Hekta inakula kama kilo 25. NPK, mbolea ya kupandia, iingie shimoni wakati wa kupanda, ifunikwe udongo kidogo, kwani ikigusa mbegu huiunguza. Palizi ya kwanza isipite wiki 3. Urea, mbolea ya kukuzia, ni wiki ya 4 au ya 5, udongo ukiwa na unyevu. Ikiachwa juu ya udongo mkavu inapotea hewani, na fedha yako pamoja nayo. Kiwavijeshi atafutwe mapema: akishazama kwenye moyo wa mmea, dawa haimfikii vizuri. Ukipanda 20 Novemba, urea inaangukia karibu na 20 Desemba, Bunge limefunga. Lakini kikao kisicho cha kawaida kikiitishwa, huji. Mbolea yote iwe ghalani kabla hujapanda ndege ya Septemba.

Upande wa kugombea, sheria inataka Mkongomani wa miaka 25 na zaidi, mwenye wabadala wawili, yaani watu wa kushika nafasi yake akiiacha. Mwaka 2023 dhamana ilikuwa faranga 1,600,000, na hairudishwi; isitoke kwenye fedha ya mbegu. Kinachowaangusha wakulima zaidi ni chama. Orodha ya chama isiyofikia asilimia 1 ya kura za nchi nzima haigawiwi viti, hivyo mtu anaweza kuongoza eneo lake na bado akabaki kijijini. Inauma kuona kura za watu waliotembea kwa mguu zikipotea namna hiyo. Usiingie chama kwa sababu mwenyekiti ni jirani. Uliza kina wagombea katika majimbo mangapi ya uchaguzi.

Ukishapata kiti, kazi yako kubwa ni kikao cha Septemba, cha bajeti. Huko Maputo, mwaka 2003, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti. Usisimame kuomba tu. Pendekezo la mbunge linaloongeza matumizi halipokelewi bila kuonyesha fedha itatoka wapi, kwa hiyo taja mstari wa kupunguzwa na mstari wa kuongezwa, kwa tarakimu. Maneno matamu bila tarakimu ni kumdanganya aliyekutuma.

Likizo za Bunge nenda mashambani na daftari. Andika kijiji, tarehe, bei ya mfuko wa urea siku hiyo, na vizuizi vingapi mfuko ulipitia tangu Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukurasa huo ndio swali lako la kumwandikia waziri.