Tofauti hiyo huenda ni ya umri, si ya kupandana

Ndugu, umesema ulilinganisha nzi wa matunda majike wa siku 3 wasiopandwa na wa siku 12 waliokwisha kupandwa, ukakuta utendaji wa jeni nyingi umebadilika. Hapo mambo mawili yamechanganyika. Jike hukomaa hata bila dume: jeni za vitelojenini, protini ya kiini cha yai, huanza kufanya kazi kwa nguvu. Mpasue uone mwenyewe. Ovari za mchanga ni ndogo mno, za mkomavu zimejaa mayai meupe.

Kwa hiyo ongeza kundi la tatu: mabikira wa siku 12. Wakusanye wote saa ileile, maana jeni nyingi hufuata mzunguko wa mchana na usiku. Tenga kichwa na tumbo, la sivyo mabadiliko madogo ya kichwani yatamezwa na ya ovari. Nayo hayo ya kichwani yana thamani kubwa: kwa Drosophila, nzi mdogo anayetumiwa sana maabarani, peptidi (protini fupi) moja ya shahawa humfanya jike akatae madume kwa siku kadhaa.

Jambo moja nakusihi ulichunge: jike aliyepandwa amebeba mbegu zenye RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) ya dume. Ukikuta jeni za korodani tumboni mwake, usiziandike kuwa zake.