Kupuliza rangi au kupulizia?

SWALI: Mwalimu, ninajifunza kupaka modeli za ndege rangi ya akriliki kwa kile kifaa kinachorusha rangi kwa hewa, na ninawaandikia wenzangu maelekezo. Nikiandika “puliza bawa”, mmoja ananisahihisha: “pulizia bawa”. Kwani si neno lilelile? Na kifaa chenyewe nikiite “brashi ya hewa”?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na ushahidi unao kidoleni. Kwenye kifaa cha hatua mbili, ukibonyeza kitufe chini hutoka hewa tupu. Ukikivuta nyuma, sindano inayoziba tundu la rangi nayo hurudi nyuma na rangi ikapata njia. Hatua ya kwanza ni kupuliza. Ya pili ni kupulizia. “Puliza bawa” basi ni agizo halali kabisa, ila mwanafunzi wako atapeperusha vumbi na bawa litabaki jeupe.

Ile -i- inayoingia mwishoni huleta kitu kinachofikiwa na tendo. Ndiyo maana mtu hujipulizia marashi. Hakuna anayejipuliza marashi. Ukiandika “puliza rangi kwenye bawa” umesalimika pia, kwa kuwa “kwenye” imeshaonyesha mahali. “Pulizia rangi kwenye bawa” inasemwa sana, nami siikatai, ingawa imevaa kofia mbili.

Kuna kitenzi kingine ambacho kiambishi hichohicho kinakibadilisha zaidi, na wewe utakihitaji kila siku: kauka. “Rangi imekauka” ni habari njema, unaweza kuongeza tabaka la pili. “Rangi imekaukia” ni kilio, na msikilizaji atauliza hapohapo: wapi? Ikikaukia nchani mwa sindano, maana hewa inayopita pale huyafukuza maji ya akriliki upesi, rangi itatoka kwa kutematema. Futa ncha kwa pamba yenye unyevu uendelee. Ikikaukia njiani, kwa sababu umesimama mbali mno au mgandamizo wa hewa umezidi, itatua ikiwa chembechembe na bawa litakwaruza kama msasa. Matatizo mawili, tiba mbili, na “imekauka” peke yake isingeyatenganisha.

Umeandika pia “ongeza maji rangi iwe nyepesi”. Mbona tunalo “zimua”? Wanywaji wamelitwaa kwa shughuli zao za asubuhi, lakini maana yake ya kupunguza ukali au uzito kwa kuongeza maji haijaenda popote. Zimua rangi mpaka itiririke ukutani mwa kikombe kama maziwa. Ukizimua kupita kiasi, au ukisogea karibu mno, itasambaa juu ya bawa kwa vijimkondo kama miguu ya buibui. Hapo usiseme “imechuruzika”: kuchuruzika ni kushuka, na hii inasukumwa na hewa kwenda kila upande. Imetawanyika.

Ama “brashi ya hewa”, siipendi. Brashi ina nywele na hugusa inachokipaka. Hiki hakina nywele wala hakigusi. Kutokana na chujia tuna kichujio, na kutokana na nyunyizia tuna kinyunyizio. Pulizia itupe kipulizio. Kama wenzako watakicheka, andika “kifaa cha kupulizia rangi”, na hapo tena usiiache -i-, kama usivyoiacha kwenye kisu cha kukatia.