Diski ya Zamani Isiandikwe: Kwa Fundi Mpya Anayehamishia Windows kwenye SSD

Ukianza ufundi wa kompyuta hapa Kampala, kazi hii itakujia mapema na itakujia mara nyingi. Mteja analeta laptopu inayochelewa kuwaka mpaka anakwenda kunywa chai. Amesikia kuwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, itaifufua, na anataka aikute Windows yake, programu zake na mafaili yake vile vile alivyoviacha. Kweli itafufuka. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde ikiwa na siku nzuri, SSD ya SATA (ile inayotumia kiunganishi cha kawaida cha diski) hukaribia 550, na tofauti huwa kubwa zaidi kwenye vile vifaili vidogo ambavyo Windows huvisoma kwa maelfu wakati wa kuwaka.

Kabla hujashika bisibisi, lishike hili: SSD ikiharibika, dukani kuna nyingine, lakini mahesabu ya mteja yaliyo kwenye diski ya zamani hayauzwi popote. Kwa hiyo diski ile isomwe, isiandikwe.

Anza na afya yake. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, uangalie mstari wenye namba C5, yaani sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuzihukumu. Ikiwa ni sifuri, endelea. Ikiwa si sifuri, kazi imebadilika jina: unaokoa, hunakili tena. Hapo usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani, kwa sababu ikirekebisha huandika kwenye diski mgonjwa na inaweza kukata mafaili ambayo bado yangesomeka. Washa mashine kwa fleshi ya Linux, utumie ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu kwenda kwenye nzima. Husoma kwanza sehemu nzima, huruka zile mbovu, kisha huzirudia taratibu mwishoni. Sehemu zilizosomwa na zilizobaki huziwekea alama kwenye faili la ramani, na ramani hiyo iweke kwenye fleshi ya pembeni, si kwenye diski hizo mbili.

Mama mmoja mwenye duka la jumla Kikuubo alituletea mashine ya namna hiyo. Ilikuwa inaganda kila alipofungua kitabu cha madeni. Tulimpa kiti, hakukaa.

"Mwanangu, mahesabu yangu yapo?"

"Mama, bado sijajua. Nikiiwasha hovyo naweza kuyamaliza kabisa. Niachie mpaka kesho."

Sehemu kubwa ya diski ilitoka kabla ya saa kumi jioni. Kile kipande kidogo kilichobaki kilichukua usiku kucha, na ndani yake mlikuwa na kitabu cha madeni. Kilitoka. Kama tungetumia programu ya kunakili ya kawaida, ingekwama kwenye sekta mbovu ya kwanza na kuendelea kuikwaruza ile ile huku diski inazidi kuchoka.

Diski ikiwa nzima, bado kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kunakili. La kwanza ni usimbaji, yaani kama diski imefungwa kwa siri. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -status. Wateja wengi hawajui kuwa diski zao zimefungwa na BitLocker, kifungio cha Windows chenyewe, hasa Windows 11 toleo la 24H2 iliyosakinishwa upya, kwani huwasha ulinzi huo yenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Mwombe mteja afungue akaunti yake mbele yako, anakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi yake mwenyewe, halafu simamisha ulinzi. Ukifungua mashine bila ufunguo huo mkononi, unaweza kukutana na skrini ya buluu inayoudai wakati mteja yuko safarini Arua na simu haipatikani.

La pili ni namna mashine inavyowaka. Andika msinfo32 uone kama ni UEFI (namna mpya ya kuwaka) au Legacy (ya zamani). Kwenye UEFI, diski huwa imegawanywa kwa mpangilio wa GPT na kuna patisheni (kipande cha diski) ndogo ya EFI yenye mafaili ya kuwashia, kwa kawaida ya MB 100 hivi, ambayo haionekani ukifungua mafaili. Fundi anayenakili C peke yake huiacha nyuma, na mashine haiwaki. Nakili diski nzima.

Mara nyingi SSD ni ndogo kuliko diski ya zamani: diski ina GB 1000, mteja ametumia 90, na amenunua SSD ya 256. Hapo itabidi uibane patisheni ya C kwanza, na huko ni kuandika. Kwa hiyo ifanye kwenye diski yenye afya tu, baada ya kunakili folda la mtumiaji kwenye diski ya nje. Windows ikikataa kubana zaidi, zima hiberneti kwa powercfg /h off, uondoe kwa muda faili la kumbukumbu pepe, ujaribu tena. Amri hiyo ya hiberneti itumie hata kama hubani kitu, maana huzima pia ule uwashaji wa haraka unaoacha mfumo wa mafaili haujafungwa vizuri.

Kuhusu SSD yenyewe sitakaa sana. Ile ya M.2, nyembamba kama kipande cha kadi, ikiwa na mikato miwili mara nyingi ni SATA, ikiwa na mkato mmoja mara nyingi ni NVMe, aina ya kasi zaidi, na tundu la laptopu halikubali zote kila wakati, kwa hiyo soma maelezo ya modeli kabla ya kumtuma mteja mjini. Ikifika, tazama saa zilizotumika kwenye CrystalDiskInfo. Inayoitwa mpya isiwe na mamia ya saa. Kisha ijaze kwa f3, programu ya kugundua diski bandia, uthibitishe kuwa ukubwa ulioandikwa ndio uliomo.

Sasa kunakili. Clonezilla, programu ya kunakili diski inayowashwa kwa fleshi, inatosha na ni ya bure. Hatari kubwa ya kazi nzima iko kwenye skrini moja tu, ile inayouliza ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea. Ukizigeuza, diski tupu itaifuta iliyojaa. Usitegemee sda na sdb, majina ambayo Linux huzipa diski, herufi hizo hubadilika. Endesha amri ya lsblk ikuonyeshe modeli na namba ya mfululizo (serial) ya kila diski, zisome kwa sauti ukizilinganisha na lebo, na kama kuna mwenzako mezani mwite asome naye. Chomeka SSD kwenye tundu la USB 3. Kwa USB 2, GB 100 huchukua karibu saa nzima. Na kama karakana yako inatumia Yaka, umeme wa kulipia kabla, angalia yuniti zilizobaki kabla hujaanza. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji, ya mezani iwe kwenye UPS. ddrescue huendelea ilipoishia umeme ukirudi. Clonezilla ya diski kwa diski huanza upya.

Ikimaliza, itoe diski ya zamani kabisa kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Zikiwa pamoja zina vitambulisho vile vile, Windows huizima moja, na unaweza kudhani unaitumia mpya kumbe umewasha ya zamani.

Ukihama kutoka SATA kwenda NVMe unaweza kupata INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Usikimbilie kusakinisha upya. Ingia kwenye ukarabati wa Windows, chagua kuwasha kwa hali salama mara moja, mfumo utapakia draiva ya NVMe, kisha uwashe kama kawaida. Kama hata nembo ya Windows haionekani, ipe patisheni ya EFI herufi S, hakikisha Windows iko C, halafu andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI.

Leseni ya Windows ya kidijitali hufuata mazabodi, haisumbui. Za programu za uhasibu ndizo za kuuliza mapema, kwani baadhi hujifunga kwenye namba ya diski. Mteja aitoe leseni kwenye mashine, au aandae maelezo ya kuiwasha tena, kabla ya kunakili.

Wengi wataomba uwapandishie Windows 11 siku hiyo hiyo, kwa kuwa msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hama kwanza, mteja afanye kazi siku kadhaa, ndipo upandishe. Ukichanganya, hitilafu ikitokea hutajua imetoka wapi.

Diski ya zamani ifunge kwenye mfuko, andika jina na tarehe, umkabidhi mwenyewe. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamlinda mwenye taarifa zile, na fundi hana ruhusa ya kuiuza diski wala kuichungulia. Mwambie asiifute mpaka atakapofunga hesabu za mwezi kwenye SSD na kuchapisha risiti zake. Akiirudisha ifutwe, iandike sifuri mwanzo hadi mwisho akiwa anatazama.