Wasichana na Mpira wa Kikapu: Nani Aanze, Mchezaji au Mtazamaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko kidato cha tatu na anachezea timu ya mpira wa kikapu ya shule yao. Kila wavulana wanapomaliza mechi, watazamaji hunyanyuka na kuondoka, wasichana wakabaki kucheza mbele ya mwalimu wao na kijana anayesubiri kukusanya mipira. Nilipolalamika katika kikao cha wazazi, niliambiwa kwamba wasichana wakiinua kiwango, watu watakuja wenyewe. Je, ndivyo?
Mama wa mchezaji, Tanga

JIBU: Mama, kwa mfano ninaoufahamu vizuri, sivyo. Katika jimbo la Iowa, Marekani, mashindano ya wasichana wa sekondari yalianza mwaka 1920. Viongozi wa michezo ya shule walipoamua mwaka 1925 kuyaacha, kwa kuona kwamba hayamfai msichana, walimu wa shule za miji midogo ya wakulima walikataa na kuunda chama cha wasichana peke yake. Mchezo wenyewe ulikuwa na masharti yake: kila timu ilikuwa na wachezaji sita, watatu wa kufunga na watatu wa kulinda, hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati, na mwenye mpira aliudunda mara mbili tu kabla ya kutoa pasi au kurusha. Ilidhaniwa kwamba wasichana hawana pumzi, dhana ambayo mama yeyote aliyewahi kubeba maji kutoka kisimani angeicheka.

Watu walijaa hata hivyo, na kwa kuwa mfungaji hakuwa na kazi nyingine, shabaha ilinolewa mno. Katika fainali ya mwaka 1968 mjini Des Moines, Jeanette Olson wa shule ya Everly alifunga pointi 76 na Denise Long wa shule ya Union-Whitten akafunga 64, lakini timu ya Long ndiyo iliyoshinda, 113 kwa 107, baada ya muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Long alichaguliwa na San Francisco Warriors, timu ya wanaume, ingawa uteuzi huo ulibatilishwa.

Mchezo huo wa wachezaji sita kila upande ulikoma Iowa mwaka 1993. Mazoea ya kwenda kutazama hayakukoma. Oktoba 2023, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Iowa, akiwemo mchezaji nyota Caitlin Clark aliyekulia jimboni humo, ilichezea mechi ya kirafiki katika uwanja wa mpira wa Kimarekani (American football) mbele ya watu 55,646.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho, omba ratiba ibadilishwe: mechi ya wasichana iwekwe katikati ya mbili za wavulana, ili anayesubiri ya pili awe ameketi tayari. Omba pia kwamba wasichana wapewe uwanja wa mazoezi saa kumi jioni, wasiachiwe jua la saa nane. Kisha siku ya mechi njoo na majirani wawili, wala msinyanyuke kabla ya filimbi ya mwisho.