Tumefika watu 18, na seva yetu ni kompyuta ya mhasibu

Swali: Habari za kazi, fundi. Ofisi yetu ilianza na watu 6, sasa tuko 18, na huenda tukafika 30. Faili zote ziko kwenye kompyuta ya mhasibu, tunazifungua kupitia folda ya pamoja. Akiizima, kazi zinasimama. Printa nayo hupotea mtandaoni kila baada ya siku chache. Matundu ya kuchomeka waya yalipoisha tuliongeza rauta nyingine tuliyokuwa nayo. Bosi amekubali tununue seva. Tununue ya aina gani?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Seva mtanunua, ila isiwe kitu cha kwanza kugusa. Printa inayopotea haitatibiwa na seva. Mimi namshuku huyo rauta wa pili.

Rauta nyingi hutoka kiwandani DHCP ikiwa imewashwa, yaani huduma ya kugawa anwani za IP, namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni. Zikiwa mbili kwenye mtandao mmoja, kila moja hugawa bila kujua mwenzake kagawa nini. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Leo printa ina anwani hii, kesho anwani hiyo kapewa simu ya mtu. Keti kwenye kompyuta kadhaa, moja baada ya nyingine, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, usome mstari unaotaja seva ya DHCP. Zikitaja anwani tofauti, umeshampata mchawi. Na ukikuta kompyuta yenye anwani inayoanza na 169.254, jua iliomba anwani na hakuna aliyeitika.

Iondoe rauta hiyo, weka swichi ya gigabiti, yaani kisanduku cha kuongeza matundu ya waya, chenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Matundu 24 yanawatosha leo, lakini kwa watu 30 na printa zao chukua 48. Kisha panga anwani upya, kwa mfano 192.168.40.0/24, yenye nafasi ya vifaa 254. Mimi huacha namba za mwisho 1 hadi 49 kwa rauta, swichi, seva na printa, vitu visivyohamahama, halafu DHCP inagawa kuanzia 100. Epuka 192.168.0 na 192.168.1, kwa sababu rauta za nyumbani hupenda sana hizo. Siku mtu akiingia mtandao wa ofisi kwa VPN, njia salama kupitia intaneti, akiwa kwake, anwani zitagongana na utatafuta kosa hadi usiku.

Waya ndipo watu hubana matumizi, na ndipo pa kuumia. Niliwahi kuitwa ofisi moja wakidai seva yao mpya ni nzito. Seva ilikuwa nzima. Kwenye kichwa cha kebo, unyuzi mmoja kati ya 8 haukung'atwa na pini. Gigabiti inahitaji nyuzi zote 8, ilhali megabiti 100 zinapita kwenye 4 tu, kwa hiyo swichi ilishuka kimyakimya hadi megabiti 100. Faili la gigabaiti 2, ambalo lingepita chini ya nusu dakika, lilichukua karibu dakika 3. Kichwa kipya kikamaliza kesi. Tandaza kebo za daraja la Cat6, kila njia isizidi mita 100, na ubandike lebo kwenye ncha zote mbili.

Sasa seva. Windows ya kawaida hairuhusu zaidi ya vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja kwenye folda ya pamoja, kwa hiyo mko ukingoni. Kama shida ni faili tu, NAS ya diski mbili, yaani kisanduku cha kuhifadhi faili mtandaoni, inatosha. Lakini kwa watu 30, wanaoingia na kutoka kazini, ningenunua seva kamili yenye Active Directory, orodha moja kuu ya akaunti za wafanyakazi, ili mfanyakazi akiondoka ufunge akaunti moja, basi. Kabla ya kulipa, kagua kompyuta zenu: zenye Windows toleo la Home haziwezi kujiunga na domeni, yaani kundi la kompyuta linaloongozwa na seva hiyo. Zitakazojiunga zitumie DNS (huduma ya kugeuza majina ya kompyuta kuwa anwani) ya seva, si ya rauta. Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko yote.

Diski mbili za RAID 1, yaani zinazoandikwa kitu kilekile kwa pamoja, zinakulinda moja ikifa. Mtu akifuta folda, imefutika zote mbili papo hapo. Kwa hiyo weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya ofisi. Kila mwezi chagua faili moja, ulirudishe kutoka kwenye nakala, ulifungue. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, sitaijadili: nunua.

Mkishahamisha faili, usifute chochote kwa mhasibu. Iache ile folda ya zamani iwe ya kusomwa tu kwa mwezi mzima, maana lazima atokee mtu mwenye njia ya mkato inayoelekea kule.