Hiace imefungwa injini ya nozeli, sasa inanuka petroli

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hiace ya kubebea dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Injini yake ya kabureta, 1RZ, ilikufa, nikafungiwa 2RZ-E iliyotumika, ya nozeli, yaani inayopuliziwa petroli kwa presha. Inavuta vizuri, ila asubuhi inanuka petroli na mpira wa mafuta pale kwenye injini una unyevu. Aliyeifunga anasema tukaze klipu tu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Usikaze, na gari hilo usiliwashe kwanza. Hiace injini yake umeikalia. Moto ukianza, unaanzia chini ya kiti chako.

Kabureta hulishwa petroli kwa presha ya paundi 3 au 4 tu. Injini ya nozeli inataka karibu 40, yaani kuzidi upepo unaojaza kwenye tairi la gari dogo. Inaelekea mpira wa zamani ulihamishwa ulivyo. Ukibebeshwa presha hiyo unatoa jasho, unavimba, kisha siku moja unachanika. Na zile klipu zenye matundu, ukizidi kuzikaza kwa bisibisi, zinaukata mpira wenyewe.

Nunua mpira ulioandikwa ubavuni SAE 30R9. Ulioandikwa 30R7 ni wa kabureta, na usio na maandishi muachie muuzaji hata akikuapia. Kipande kinachozama ndani ya tanki ni habari nyingine: kinatakiwa 30R10, kwa sababu R9 haikutengenezwa kulowa petroli kwa nje. Klipu ziwe za injini ya nozeli, zisizo na matundu, zenye kingo zilizokunjwa. Mipira iliyokuja na injini usiitamani. Ikunje uone nyufa zake.

Mpira uwe mfupi, wa kuunganisha tu. Kutoka tanki hadi mbele lipite bomba la chuma, limeshikwa kwenye chesisi, mbali na ekzosi, mahali ambapo mawe ya njia zetu za milimani hayalifikii. Bomba la shaba wengi hulipenda kwa kuwa linakunjika kwa mkono, mimi silifungi: mtetemo hulifanya gumu, likapasuka. Ncha ya bomba itengenezwe kishingo, yaani ivimbishwe kidogo kuizunguka, ili mpira usichomoke. Kati ya chesisi na injini acha mpira ulegee kidogo, maana injini hutikisika kila unapokanyaga mafuta.

Kagua pia laini ya ritani. Petroli isiyotumika lazima irudi kwenye tanki. Njia hiyo ikiwa nyembamba au imeziba, presha inapanda na gari linakunywa mafuta kupita kiasi. Pampu ya umeme ikae ndani ya tanki, au nje lakini chini karibu nalo, kwa kuwa pampu hizi ni hodari wa kusukuma kuliko kuvuta.

Kabla ya kufungua chochote toa terminali ya betri, acha injini ipoe, weka kitambaa kwenye kiungo ukilegeze polepole, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Bolti ya kiungo cha petroli yenye washa za shaba ipewe washa mpya pande zote mbili.

Ukimaliza, rudisha betri, fungua kile kiboksi cha kupimia hitilafu za injini, unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Pampu itazunguka. Iache dakika chache, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, zima, fungua kiungo hicho ukifunge upya. Usiongeze klipu ya pili juu yake.