Kabla ya Kutuma Tangazo, Mjue Anayelipokea

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wenye maduka ya vitenge na nguo za watoto jijini Dar es Salaam kuandaa matangazo yanayopelekwa kwa wateja kwa WhatsApp na kwa ujumbe mfupi wa simu, na jambo ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni namna ya kuufanya mfumo utangulize jina la mteja katika kila ujumbe. Kiufundi jambo hilo ni rahisi. Hata hivyo, jina ni sehemu ndogo ya kazi ya kumlenga mteja mmoja mmoja, na katika mazingira yetu ndiyo sehemu inayoharibika upesi kuliko zote.

Wafanyabiashara wengi huyachukua majina ya wateja kutoka kwenye meseji za malipo ya simu. Majina hayo huja kama yalivyosajiliwa pamoja na laini, mara nyingi yote kwa herufi kubwa, na huenda laini yenyewe ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume, mtoto au ndugu. Ujumbe unaosema "Habari HAMISI, gauni lako limefika" ukimfikia mama anayetumia laini ya mwanawe, unamthibitishia kwamba aliyeuandika hamjui kabisa. Hata jina likiwa sahihi, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Rehema hawezi kufurahia kuitwa Zuhura na duka ambalo muuzaji wake ni kijana wa rika la watoto wake. Nashauri muuzaji amuulize mteja anapotoa oda ya kwanza: "Nikuandike kwa jina gani?" Jibu litakuwa Mama Rehema, Bi Zuhura, Mwalimu au Hajjat, na hilo ndilo liingie kwenye orodha, si lile la kwenye muamala.

Kinachomfanya mteja ajibu ni kuona kwamba bidhaa iliyotajwa inamhusu. Chukua duka moja la vitenge. Miongoni mwa wateja wake yumo fundi cherehani anayenunua kwa ajili ya wateja wake mwenyewe, yumo mjumbe wa kamati ya harusi anayetafuta sare ya watu arobaini, yumo mchuuzi wa mkoani anayetumiwa mzigo kwa basi, na yumo mama anayenunua kipande kimoja cha kuvaa mwenyewe. Wote wakitumiwa picha zilezile zenye bei ya jumla, mnunuzi wa rejareja atadai bei hiyo hiyo na mchuuzi ataona biashara yake imeanikwa hadharani. Mjumbe wa kamati, kwa upande wake, hataki kujua uzuri wa ua lililochorwa, bali anataka kujua kama rangi hiyo ipo ya kutosha watu wote na kama itakuwepo wiki tatu zijazo. Ukimwandikia habari ya idadi iliyobaki dukani, umempa sababu ya kukupigia simu leo.

Kugawa wateja namna hii hakuhitaji programu ya gharama kubwa. WhatsApp Business, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, inaruhusu kumwekea kila mteja lebo na kutuma ujumbe mmoja kwa orodha yenye hadi watu 256, lakini ujumbe wa orodha huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo mwombe mteja ahifadhi namba wakati bado anafurahia alichonunua, na umweleze utakachomtumia na kisichomhusu. Lebo nazo ziwekwe siku ile ile ya mauzo, kwa sababu muuzaji anayesubiri mwisho wa mwezi atakuwa ameshasahau nani alinunua kwa ajili ya nini.

Wanaotumia ujumbe mfupi wana hesabu nyingine ya kuangalia. Meseji moja hubeba herufi 160, na Kiswahili, kwa bahati nzuri, hakihitaji herufi za pekee. Ukiweka kikatuni kimoja cha uso unaocheka, au ritifaa iliyopinda (’) katika neno kama ng'ara baada ya kuandika kwenye kompyuta, nafasi hushuka hadi herufi 70, na tangazo lililopaswa kulipiwa kama meseji moja hulipiwa kama mbili au tatu. Jina refu la mteja linaweza kuleta matokeo hayo hayo, kwa hiyo pima ujumbe wako kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha.

Kuhusu majira, tahadhari kubwa ni ya Idi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa kalenda ya kawaida, hivyo ujumbe uliopangwa ujitume tarehe ile ile ya mwaka jana utachelewa. Wala usikisie dini ya mtu kwa jina lake. Mtumie aliyewahi kununua kanzu au buibui, au aliyekuambia anashonesha nguo za sikukuu.

Lipo jambo ambalo nalihimiza kuliko yote, nalo ni tofauti kati ya kujua na kutangaza kwamba unajua. Duka la nguo za watoto linaweza kukokotoa kutokana na ununuzi kwamba mtoto wa mteja sasa ana miezi tisa. Usimwandikie, "Mwanao ametimiza miezi tisa." Huwezi kujua kilichotokea katika nyumba ile, na kuna mama ambaye sentensi hiyo itamliza. Andika kwamba nguo za miezi tisa hadi kumi na miwili zimeingia, kisha mwache yeye aamue kama zinamhusu. Taarifa hizo pia si mali ya kugawiana na duka la jirani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mteja akisema hataki tena matangazo, mwondoe siku hiyo hiyo bila kumuuliza sababu.

Ili kujua kama juhudi hizi zinazaa, usitegemee alama za buluu, kwa kuwa mteja anaweza kuzizima na bado akasoma. Chukua kundi moja, tuseme mafundi cherehani, uligawe nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu moja uitumie tangazo la kawaida na nyingine tangazo lililoandikwa kwa ajili ya mafundi, zote kwa wakati ule ule na siku ile ile. Kisha hesabu waliojibu, waliolipa, na walioomba kuondolewa. Hao wa mwisho wahesabu kwa makini zaidi, kwa kuwa ukishampoteza mtu kwenye orodha, huna tena njia ya kumfikia.